Mlevi Anapozungumza na Chupa

Waandishi chipukizi huambiwa waandike maisha wanayoyajua. Ushauri huo ni mzuri, ila una pengo: kila mtu anayajua maisha yake, na wengi wakiyaandika hayasomeki. Hapa Nunguni tuna mfano wa karibu wa kutuonyesha pengo liko wapi. David Maillu, aliyezaliwa mwaka 1939 katika vilima hivi vya Kilungu, alianzisha kampuni ya uchapishaji, Comb Books, jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatoa vitabu vidogo kuhusu walevi, makarani na wapiga taipu. Vikanunuliwa mno, hata na watu wasio na desturi ya kununua vitabu. Nashikilia kwamba mada pekee haikumfikisha hapo. Alijua kumchagua msikilizaji kabla ya kuchagua maneno.

Chukua My Dear Bottle, cha mwaka 1973. Mlevi anazungumza na chupa yake. Mambo ya mlevi tunayajua: mshahara umekatika, nyumbani hakukaliki, kesho kuna kazi. Angemweleza mkewe, angejitetea. Angemweleza padri, angejuta. Mbele ya wenzake wa baa angejigamba. Chupa haijibu wala haihukumu, basi hana wa kumficha kitu, na anajianika mwenyewe. Maneno ya mlevi huyo Maillu ameyakata katika mistari mifupi. Maongezi ya kila siku huteremka yakapotea kama mvua kwenye miteremko ya Kilungu. Mstari uliokatwa ni kama tuta la fanya juu, lile linalozuia maji shambani: unayazuia maongezi hadi yapenye. Katika After 4:30, cha mwaka 1974, jina lenyewe linataja saa kumi na nusu, ofisi zinapofungwa. Wanawake waliochapa barua za wengine mchana kutwa wanapata zamu ya kusema yao.

Wapo watakaosema huku ni kumpamba mwandishi wa mambo ya chumbani. Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, na wahakiki wengi hawakumhesabu kuwa mwandishi wa maana. Sitetei kila ukurasa. Pengine anarefusha utani uliokwisha kuchekesha. Lakini matusi yamejaa kila kona ya mji, na mengi hakuna anayetaka kuyasikia mara ya pili, kwa hiyo matusi peke yake hayaelezi mauzo yale. Wengine husema alimfuata mshairi wa Uganda Okot p'Bitek, ambaye shairi lake Song of Lawino lilitoka mwaka 1966. Deni lipo. Hata hivyo Lawino, mke anayezungumza katika shairi hilo, analalamika mbele ya ukoo wake, na ukoo unaweza kuamua jambo. Chupa haiamui lolote, na hapo ndipo uchungu wa mlevi ulipo.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaotaka maisha yaandikwe yalivyo, bila kupangwa. Maillu mwenyewe aliwasogelea katika Without Kiinua Mgongo, alipochanganya Kiingereza na Kiswahili kama watu wasemavyo. Ila hata usemi halisi una mtu unayeelekezwa kwake, na mwandishi asipomchagua, msomaji hubaki kama mpita njia anayedaka nusu ya mazungumzo ya simu. Mkulima wa Nunguni anayemtajia dalali bei ya maparachichi hasemi kama atakavyoisemesha mizani ya dalali huyo akiachwa nayo peke yake. Hizo ni kurasa mbili tofauti, ingawa maparachichi ni yale yale.