Viongozi wa kanisa waliolipia utumishi kwa damu

NENO ‘mtumishi’ limegeuka kuwa cheo cha heshima katika makanisa mengi nchini. Aitwaye hivyo hutengewa kiti cha mbele na kupokewa kwa vigelegele. Hata hivyo, katika mafundisho ya Kikristo mfano wa mtumishi ni Yesu, aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya mtumwa.

Historia ya Kenya yaonyesha kuwa anayeuchukua mfano huo kwa dhati hulipa gharama.

Marehemu David Gitari, alipokuwa askofu wa Kianglikana eneo la Mlima Kenya Mashariki, alikemea unyakuzi wa ardhi na upigaji kura wa mlolongo uliotumika mwaka wa 1988. Usiku mmoja Aprili 1989, genge lilivamia makazi yake Kirinyaga. Aliponea kwa kupanda paani na kupiga mayowe hadi majirani wakafika.

Mwenzake wa Eldoret, Askofu Alexander Muge, alionywa na Waziri wa Leba, Peter Okondo, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Alipokuwa akirejea mnamo Agosti 14, 1990, gari lake liligongana na lori naye akafariki. Okondo alijiuzulu.

Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri alipigwa na maafisa wa usalama ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, Julai 7, 1997. Juni 1999 alipigwa tena, nje ya Bunge, akitetea mageuzi ya katiba.

Mbona wawe hatarini watu wasio na silaha? Kiongozi wa kanisa hana polisi wala jela. Nguvu yake ni neno tu. Uzito wa neno hilo hutokana na waumini kumwona yu tayari kuumia pamoja nao. Akinyamaza, hubaki salama lakini neno lake huwa jepesi. Akisema, basi msema kweli hukimbiwa na rafiki zake.

Isitoshe, halipi peke yake. Nyumba inayovamiwa usiku ni ya mke na watoto pia, ambao hawakuulizwa iwapo wako radhi.

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa Desemba 1991. Matunda hayo yaliwafaidi hata waliowabeza maaskofu hao. Muge alikuwa kaburini kwa zaidi ya mwaka mmoja.