Chanjo ya malaria: chembe zinazojiunda zenyewe

Wadau, juzi kwenye daladala ya Bagamoyo nilimsikia mama mmoja akisema hampeleki mwanawe chanjo ya malaria ng'o, eti "wanawachoma malaria yenyewe". Jamani, hapana! Mle kwenye kichupa hamna mdudu wa malaria, hai wala mfu. Sasa kuna nini?

Kwanza tuanzie nyumbani. Bagamoyo ilijaribu chanjo ya RTS,S, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Baadaye ikajaribiwa na nyingine, R21. Zote mbili zina siri moja: chembe zake hazijengwi na mtu.

Mnawajua mafundi majahazi pale ufukweni, ubao kwa ubao, msumari kwa msumari. Sasa fikiria umetupa mbao majini, zikasogeleana zenyewe mpaka jahazi likakamilika. Ndivyo ilivyo kwa protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B. Ina sehemu zinazokimbia maji, kama mafuta kwenye mchuzi. Zikikutana nyingi, sehemu hizo zinajificha ndani na chembe ya mviringo inatokea. Kirusi hakimo, ni ganda tu. Chembe za R21 ni ndogo mno: kama 50,000 zikipangwa mstari ndiyo milimita moja!

Wataalamu waliunganisha protini hiyo na kipande cha protini ya mdudu wa malaria, wakaipa hamira kazi ya kuitengeneza. Chembe ikijiunda, vipande vya malaria vinachomoza nje kama miba ya shokishoki. Askari wa mwili wanaikariri sura ya adui kabla hajafika.

Tofauti iko kwenye mchanganyiko. Katika RTS,S, protini nyingi kwenye chembe ni tupu, chache ndiyo zina "mwiba". Katika R21 kila moja inao.

Matokeo ya R21 yalitoka 2024, watoto zaidi ya 4,800 wa Tanzania, Kenya, Mali na Burkina Faso. Kwenye vituo ambavyo havikufuata msimu wa mvua, Bagamoyo ikiwemo, kinga ya mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 68. Si 100, kwa hiyo chandarua kibaki palepale.

Yule mama alishuka kabla sijamjibu. Ukimjua mwenye hofu kama yake, msomee hii.

Nawasilisha. Maoni ruksa, matusi hapana.