Karibu Jikoni: Utangulizi wa Elimu ya Mapishi ya Nyumbani

Huenda unataka kuanza kupika na hujui uanzie wapi. Huenda unapika kila siku, ila hujui kwa nini wali wa leo umechambuka vizuri na wa jana ulishikana. Kwa vyovyote vile, umefika mahali pako. Elimu ya mapishi ya nyumbani haidai cheti wala jiko la gharama. Inadai sufuria moja, moto unaoweza kuupunguza, na mtu aliye tayari kutazama kinachotokea na kuuliza sababu yake.

Wanaoanza wengi hukusanya maelekezo: kata vitunguu viwili, tia maji vikombe vitatu, funika dakika ishirini. Si vibaya, lakini maelekezo hukuambia cha kufanya bila kukuambia kwa nini. Siku mchele utakapobadilika, au sufuria, au idadi ya wageni, hayatakuwa na neno la kukusaidia. Anayejua sababu haachwi njiani. Kwa hiyo sitakupa orodha ya vyakula kumi. Tutashughulika na chakula kimoja, wali, kwa hatua tatu: wali mweupe, wali wa nazi, kisha pilau. Kila hatua itaongeza jambo moja juu ya iliyotangulia, na ukifika mwisho utakuwa umeijua misingi minne inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya jikoni: maji, moto, wanga na mafuta.

Nimechagua wali pia kwa sababu ni chakula chetu cha siku nyingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mchele zilizoungua katika magofu ya Tumbe na Chwaka, kisiwani Pemba, na mabaki hayo yanaonyesha jinsi wakazi waliokuwa wakitegemea uwele walivyouhamia mchele kidogo kidogo, karne baada ya karne. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa na samli, pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake achari ya ndimu na maembe. Mtu wa Lamu au Unguja akiisoma orodha hiyo leo anakijua chakula chenyewe.

Hatua ya kwanza: maji na wanga

Tuanze na punje moja ya mchele mkavu. Takriban asilimia 80 ya punje hiyo ni wanga, yaani akiba ya chakula ambayo mmea hujiwekea, ikiwa imefungwa ndani ya chembechembe ndogo mno. Ukiuroweka mchele katika maji baridi, utanyonya maji kiasi, lakini hautaiva hata ukikaa usiku kucha. Joto likifika kati ya nyuzijoto 65 na 75 hivi za Selsiasi, kutegemea aina ya mchele, chembe za wanga hufunguka, hunywa maji kwa wingi na kuvimba. Wataalamu huita badiliko hili jelatinisheni. Wewe unalifahamu kwa jina la kuiva.

Hapo tayari tuna kanuni ya kwanza: wali huiva pale maji na joto vinapofika pamoja katikati ya punje. Ukikuta wali una kiini kigumu, jiulize ni kipi kati ya viwili hivyo kilichokosekana. Kama sufuria imekauka, yalipungua maji. Kama maji bado yapo, joto halijapata muda wa kufika katikati.

Pengine unajiuliza kwa nini mchele mmoja huchambuka na mwingine hugandana ilhali umeupika vilevile. Wanga una aina mbili. Amilosi ina umbo la uzi ulionyooka, na amilopektini ina matawi mengi. Mchele wenye amilosi nyingi, kama aina nyingi za punje ndefu, huchambuka. Wenye amilosi kidogo hushikana, na hivyo ndivyo wanavyoupenda Wajapani. Umri nao una nafasi yake: mchele uliovunwa karibuni hulainika upesi, na uliokaa ghalani hunywa maji zaidi na kubaki umechambuka. Ukinunua mchele mpya, punguza maji kidogo.

Kuosha mchele nako kuna maana zaidi ya kuondoa vumbi. Punje zinapokobolewa na kusuguana hutoa unga mwembamba wa wanga, na unga huo ukibaki hugeuka gundi ndani ya sufuria. Osha, mwaga, rudia hadi maji yakaribie kuwa maangavu.

Maji kiasi gani?

Hili ndilo swali linalowatatiza wengi, nami naomba tulikalie, kwa sababu jibu lake litakufaa maisha yako yote.

Chukua vikombe 2 vya mchele na vikombe 3 vya maji. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe, yaani vikombe 2 hivi. Kikombe kilichobaki hupotea kwa mvuke. Sasa wageni wameongezeka na unapika vikombe 6. Hesabu ya haraka inasema utie maji vikombe 9, na hapo ndipo wali unapoharibika. Mchele utakunywa vikombe 6. Lakini mvuke haujui umetia mchele kiasi gani. Unategemea upana wa mdomo wa sufuria, kifuniko kinavyobana, na muda wa kupika. Kama sufuria ni ileile, utapoteza tena kikombe kimoja, labda kimoja na nusu. Vikombe 7 au 7 na nusu vinatosha. Ndiyo maana wapishi wa shughuli, wanaopika masufuria makubwa uani siku ya arusi, hutia maji machache kwa kila kilo kuliko wewe unayepikia watu wanne.

Utaniuliza: mbona mama hapimi kwa kikombe na wali wake haukosei? Kwa sababu anapima kwa kidole. Anagusisha ncha ya kidole juu ya mchele na kutia maji hadi pingili ya kwanza, mchele uwe mwingi au kidogo. Tazama jinsi kipimo hicho kilivyo na akili. Maji yaliyo juu ya mchele hubaki na kimo kilekile, na hayo ndiyo yanayofidia mvuke ambao nao haubadiliki sana katika sufuria ileile. Kidole kimefanya hesabu tuliyoifanya sasa hivi. Unapopokea desturi ya jikoni kwa wazee, ipokee kwa heshima, kisha itafute sababu yake. Mara nyingi utaikuta.

Moto na kifuniko

Kanuni ya pili huwashangaza wanaoanza: maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyaongezi joto. Kwenye usawa wa bahari, maji yanayotokota kwa fujo na yanayochemka taratibu yote yana nyuzijoto 100. Moto mkali hufanya jambo moja tu la ziada, nalo ni kuyageuza mvuke upesi. Sufuria inakauka kabla joto na maji havijafika kwenye kiini, chini kunaungua na juu ni mchele. Basi, wali ukichemka, punguza moto na ufunike.

Nimesema usawa wa bahari kwa sababu kimo cha mahali nacho kina athari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95. Mtu aliyetoka Mombasa akiona maharage yake yanachelewa kuiva Nairobi, asilaumu mkaa. Maji yenyewe hayafikii joto aliloyazoea.

Maji yakikauka juu ya mchele, wapishi wa pwani hupalia, yaani huweka makaa juu ya kifuniko na kubakiza machache chini. Kifuniko baridi hugeuza mvuke kuwa matone, na matone hurudi kuulowesha wali wa juu. Kifuniko chenye makaa hakiruhusu hilo. Mvuke hubaki mvuke na kusambaa kote, na punje za juu huiva sawa na za katikati. Unayetumia jiko la gesi unaweza kukaribia matokeo hayo kwa kufunga kitambaa safi ndani ya kifuniko ili kinywe matone, ukiangalia ncha zake zisifikie moto. Kisha zima jiko, na uuache wali utulie dakika kumi bila kufunua.

Hatua ya pili: nazi

Sasa ongeza jambo moja: tui. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji kidogo hutoa tui zito, na machicha yakitiwa maji mengine na kukamuliwa tena hutoa tui jepesi. Tui ni emalsheni, yaani matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika katika maji bila kujitenga. Kwa kawaida mafuta na maji havikai pamoja. Katika tui vinakaa kwa sababu protini za nazi huyazunguka matone ya mafuta na kuyazuia yasiungane.

Protini hizo ni dhaifu mbele ya joto kali. Zikipata moto mwingi huganda na kuyaachia mafuta, na hapo tunasema tui limekatika. Tindikali ya ndimu au ukwaju nayo huzigandisha. Ndiyo maana anayepika mchuzi wa nazi hukoroga bila kuacha mpaka uchemke, moto ukiwa wa wastani, na hatii ndimu kwa pupa.

Katika wali, tui jepesi lenye chumvi hutangulia, kwa kuwa ni maji mengi na mafuta machache: linaivisha wanga kama tulivyoona katika hatua ya kwanza. Tui zito hutiwa baadaye, mchele unapokaribia kukausha maji. Ukilitia lote mwanzoni, sukari na protini zake hukaa muda mrefu kwenye kitako cha sufuria, na wali hushika moto kabla haujaiva.

Hatua ya tatu: mafuta na pilau

Maji hayapiti nyuzijoto 100, lakini mafuta yanapita mbali. Tofauti hii moja ndiyo inayoitenga pilau na wali mweupe.

Kitunguu kina maji takriban asilimia 90. Ukikitia katika mafuta ya moto, kwa dakika nyingi hakibadiliki rangi, nawe unaweza kudhani moto ni mdogo. Kinachotokea ni kwamba maji yake yanatoka kwanza, na yakiwapo, kitunguu hakiwezi kupata joto zaidi ya lile la kuchemka. Yakiisha, joto hupanda, na karibu na nyuzijoto 140 sukari na chembe za protini huungana kwa kasi na kuzaa rangi ya kahawia na mamia ya harufu mpya. Badiliko hili huitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Louis-Camille Maillard, mkemia wa Ufaransa aliyelieleza mwaka 1912. Rangi ya pilau yetu hutoka zaidi hapo. Ukiviwahi vitunguu kwa maji kabla havijageuka kahawia, pilau itapauka, na wingi wa bizari hautaiokoa. Subiri, koroga, na usiondoke, kwa sababu kutoka kahawia hadi kuungua ni muda mfupi sana.

Viungo huingia katika mafuta kwa sababu nyingine. Harufu za karafuu, iliki, mdalasini na bizari nyembamba zimo katika mafuta yao ya asili, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika mafuta ya kupikia na kwa shida katika maji. Ukivikaanga kidogo, mafuta huibeba harufu na kuifikisha kwenye kila punje. Kisha hutiwa nyama na supu yake, na mchele mwishoni. Kuanzia hapo uko tena katika hatua ya kwanza: maji, wanga, moto mdogo, kupalia.

Neno moja kuhusu kiporo. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa nje saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana na huweza kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Wali uliobaki uupoze upesi na uuweke kwenye friji; kama huna friji, pika unaotosha. Wa nazi ndio unaochacha upesi zaidi.

Pa kuanzia

Wiki hii pika wali mweupe mara tatu, kwa mchele uleule na sufuria ileile, na kila mara badilisha jambo moja tu: kwanza kiasi cha maji, kisha ukubwa wa moto, kisha muda wa kutulia. Andika ulichofanya na ulichoonja. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi lililoleta tofauti. Ukiridhika na wali mweupe, nenda kwenye nazi. Ukiridhika na nazi, nenda kwenye pilau. Usione haya kukaa muda mrefu katika hatua ya kwanza, kwa kuwa hizo nyingine zote zimesimama juu yake.

Baada ya hapo, mchele huohuo na nazi hiyohiyo vitakupeleka mbele zaidi. Roweka mchele, uusage pamoja na tui, tia hamira uache uumuke, na umeingia katika somo la vitumbua na mkate wa kumimina, ambako mwalimu mpya, chachu, anakungoja. Utamkuta ukiwa tayari unajua maji yanafanya nini, na wanga, moto na mafuta vinafanya nini, nawe utakuwa na swali moja tu jipya la kuuliza.