Gitaa kavu na sauti ya mkwaruzo: Rod Stewart kabla ya disko

Jina la Rod Stewart, kwa wasikilizaji wengi, limeambatana mno na nywele zilizosimama wima, suruali za kubana na wimbo wa disko uliotamba duniani mwaka 1978, kiasi kwamba albamu yake ya pili, Gasoline Alley, iliyotoka mwaka 1970, hutajwa kwa nadra isipokuwa na wakusanyaji wa santuri. Huko ni kuipunja kazi ambayo inaonyesha, pengine kuliko nyingine yoyote aliyoifanya, jinsi roki na muziki wa jadi zinavyoweza kupikwa chungu kimoja bila ladha ya mmoja kuifuta ya mwenziwe. Muziki wa jadi unaokusudiwa hapa ni nyimbo za Uingereza, Uskoti na Marekani zilizopokezanwa kwa mdomo kabla ya kurekodiwa, pamoja na zile zilizotungwa baadaye kwa kufuata mkondo huo, ambazo mara nyingi husimulia kisa cha mtu na huimbwa kwa ala chache zisizotumia umeme.

Stewart hakuuokota muziki huo njiani. Alizaliwa London mwaka 1945, mtoto wa Mskoti aliyekuja kuwa na duka la kuuzia magazeti, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alizurura na vijana waliokuwa wakiimba mitaani, wakivuka hadi Ufaransa na Hispania wakiwa na gitaa na kinanda cha mdomo. Baada ya hapo ndipo alipoingia katika bluzi kwa kuimba na mwimbaji Long John Baldry, kisha akapata umaarufu katika bendi ya mpiga gitaa Jeff Beck, ambamo umeme ulitawala na mwimbaji alilazimika kushindana na mngurumo wa spika. Kwa hiyo albamu hii, pamoja na ile iliyoitangulia, ni marejeo ya mtu aliyekwisha kujifunza kupaza sauti, ila sasa amepata nafasi ya kuishusha.

Siri ya sauti ya albamu hii imo katika mpangilio wa ala. Katika nyimbo nyingi za jadi za wakati huo gitaa kavu, yaani lile lisilo la umeme, liliachwa peke yake au likasindikizwa kwa ngoma zilizoguswa kwa upole. Hapa gitaa kavu la Martin Quittenton lachukua kiti ambacho kwa kawaida hukaliwa na gitaa la umeme, huku Mick Waller akizichapa ngoma kana kwamba yuko katika ukumbi wa walevi. Ron Wood, rafiki wa Stewart tangu kwa Beck, hutelezesha bomba juu ya nyuzi za gitaa lake ili noti zivutike na kulia badala ya kukatika. Zaidi ya hao zipo fidla na mandolini, ala mbili ambazo shabiki wa taarab ya pwani hahitaji kuelezwa, ingawa hapa zimewekwa kwenye kazi tofauti kabisa.

Mfano bora ni “Cut Across Shorty”, kisa cha wanaume wawili wanaoshindana mbio ili mshindi amwoe Lucy, ambaye ameshamchagua yule mfupi na kwa hiyo anamhimiza akatize njia, jambo ambalo kobe wa hadithi zetu angelielewa bila kufafanuliwa. Eddie Cochran aliurekodi wimbo huo mwaka 1960 kama mzaha wa kupita, usiofika hata dakika mbili. Stewart anauvuta hadi kupita dakika sita, ngoma zikidunda kama miguu ya wakimbiaji na fidla ikikwaruza pembeni, mpaka msikilizaji anayeujua mwisho wa kisa anajikuta bado ana wasiwasi na matokeo.

“Only a Hobo” ni jambo jingine. Bob Dylan aliutunga wimbo huu kuhusu mzururaji asiye na makao, mmoja wa wale waliodandia treni za Marekani wakitafuta vibarua, anayekutwa amekufa barabarani akiwa amefunikwa gazeti. Stewart haongezi kilio. Anaacha mkwaruzo wa koo lake ufanye kazi ya huzuni, na ukikumbuka duka la babake, lile gazeti linapata uzito wa ziada. Umahiri wake wa kuchagua nyimbo za watu wengine unaonekana pia katika “Country Comfort” ya Elton John na Bernie Taupin, aliyoitoa kabla Elton mwenyewe hajaitoa katika albamu yake ya mwaka huohuo.

Si kila kitu kilichokaa sawa. “It's All Over Now”, wimbo wa ukoo wa Womack ambao Rolling Stones walikwisha kuupandisha kileleni Uingereza mwaka 1964, unarefushwa bila sababu ya kutosha, na ule wa kufungia albamu, wa mwendo wa kasi wenye asili ya muziki wa soul, unaingia kama mgeni aliyekosea nyumba, hasa baada ya majuto ya “Jo's Lament” yanayoutangulia.

Marekani albamu ilifika nafasi ya 27 tu. Mwaka mmoja baadaye, Stewart, Quittenton na Waller walirudi na mapishi yaleyale katika “Maggie May”, uliotungwa na Stewart pamoja na Quittenton, wakashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na kilichobaki masikioni mwa wengi ni ile mandolini ya mwisho wa wimbo. Mpigaji wake alikuwa Ray Jackson wa bendi ya Lindisfarne. Maelezo ya kava yalitaja bendi yake, yakaongeza kwamba jina lake lilikuwa limesahaulika.