Breki Inayopita Hewani

Skeitibodi ya umeme haina usukani wala pedeli. Ni ubao, magurudumu manne, mota moja au mbili, na betri iliyofungwa kwa chini. Amri zote, za kwenda na za kusimama, hutoka kwenye rimoti ndogo inayofumbatwa kiganjani, zikapita hewani hadi kwenye ubao. Kwa hiyo anayejiundia rimoti nyumbani anaunda breki, na ningependa kila fundi alijue hilo kabla hajachomeka pasi yake ya kulehemu.

Wanaoziunda wana sababu za msingi. Kampuni ya Boosted ya California, iliyoanza mwaka 2012 kwa michango ya watu kupitia Kickstarter, ilifunga shughuli mwaka 2020, huku mbao zake zikiendelea kutembea barabarani. Kiwanda kikishakufa, rimoti ikidondoka na kupasuka, mwenye nayo hubaki na betri nzima, mota nzima, na ubao usiokwenda popote. Wengine wanaunda kwa kuwa za dukani haziwatoshi mkononi, au kwa raha tu ya kuelewa chombo wanachokipanda.

Aliyewafungulia njia ni mhandisi wa Uswidi, Benjamin Vedder, ambaye mwaka 2015 alitangaza kidhibiti mota chake kiitwacho VESC na kuweka michoro na programu zake hadharani, mtu yeyote achukue, atengeneze, arekebishe. Vedder hakuishia kwenye mota. Alichukua Nunchuk, kile kishikio cha mashine ya michezo ya Nintendo Wii iliyotoka mwaka 2006, akakitumia kuendeshea ubao wake. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: kishikio kinaenea kiganjani, kijiti chake kinasukumwa kwa kidole gumba, na springi hukirudisha katikati ukikiachia. Springi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu anayeanguka huachia kila kitu, na kidole kikitoka, mota nayo inapaswa kuacha kuvuta.

Leo rimoti nyingi za nyumbani hujengwa kwa bodi mbili ndogo za Arduino Nano, moja mkononi na nyingine ubaoni, kila moja ikiwa na chipu ya redio ya nRF24L01+ iliyobuniwa na Nordic Semiconductor ya Norway. Chipu hiyo ni rahisi kwa bei, hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na hutuma data kwa kasi ya kilobiti 250 hadi megabiti 2 kwa sekunde. Chagua 250. Amri ya kidole ni baiti chache tu, na kasi ndogo hufika mbali zaidi kwa uhakika zaidi.

Wengi hukata tamaa na chipu hii kwa sababu ya umeme wake. Inataka volti 1.9 hadi 3.6, ukiipa 5 umeiua. Hata ukiipa 3.3 sawasawa, kila inaporusha mawimbi huvuta umeme kwa mshtuko mfupi, na waya mwembamba wa majaribio ukishindwa kuhimili, mawasiliano hukatika bila sababu ya kuonekana kwa macho. Dawa yake ni kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 10, ilehemiwe moja kwa moja kwenye miguu miwili ya umeme ya chipu. Tazama kapasita yenyewe: ubavuni ina mstari wa rangi tofauti, na mguu wa upande huo ndio hasi. Kata miguu iwe mifupi, ishikize karibu kabisa na chipu, lehemu. Kuna toleo lenye antena ndefu ya nje linalovuta umeme mwingi zaidi. Hilo usilitegemeze kwenye pini ya volti 3.3 ya Nano, lipe kirekebisha volti chake.

Kwa kusoma kidole, wengi huanza na potenshometa kwa kuwa inapatikana hata ndani ya redio mbovu. Mimi naiona haifai kwa kazi hii. Ndani yake kuna ulimi unaosugua njia ya kaboni. Kwa vumbi na jasho njia hiyo hulika, na siku moja usomaji huruka ghafla ukiwa barabarani. Sensa ya Hall haigusani na chochote. Sumaku ndogo hugundishwa kwenye kitufe, sensa hukaa pembeni, na volti hupanda au kushuka kadiri sumaku inavyosogea. Edwin Hall aligundua tabia hiyo mwaka 1879, na hadi leo ndiyo inayosoma mkono katika pikipiki nyingi za umeme. Arduino huigeuza volti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Acha ukanda mpana kiasi katikati ambao hauhesabiwi kuwa amri, kwa maana namba hizo hazitulii hata kidole kikiwa kimetulia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe: mawimbi yakipotea, ubao ufanye nini?

Na yatapotea. Wai-fai na Bluetooth zinagombania masafa hayo hayo. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo paja lako mwenyewe linaweza kuziba njia. Kipokezi kikiwa ndani ya kisanduku cha alumini au chini ya ubao wa nyuzi za kaboni, hali huwa mbaya zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kila sekunde ya ukimya ni mita 8 za barabara.

Kosa baya kuliko yote ni kipokezi kushikilia amri ya mwisho. Ulikuwa umebana kitufe cha mwendo, mawimbi yakakatika, na ubao unaendelea kuvuta huku wewe umeachia. Kosa la pili ni kufunga breki zote mara moja, kwani ubao husimama na aliye juu yake huendelea na safari. Kipokezi kihesabu muda tangu ujumbe wa mwisho, na ukipita, tuseme, robo sekunde, mota iachiwe, kisha breki ipande polepole. Wapo wanaotaka mota iachiwe tu. Kwenye tambarare sawa, lakini mteremkoni kuachia peke yake hakumsimamishi mtu, ndiyo maana nasimama na breki laini.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazuri huugundua wakiwa wamechelewa. Kipokezi huipa VESC amri kwa mipigo ya umeme ya milisekunde 1 hadi 2, huku 1.5 ikiwa ndiyo katikati. VESC inao ulinzi wake: mipigo ikikoma, inaacha kuvuta. Lakini maktaba ya Servo ya Arduino hutoa mipigo hiyo kwa saa ya ndani ya Arduino yenyewe, bila kutegemea programu kuu. Programu ikiganda, mipigo huendelea ile ile, na VESC haina namna ya kujua kwamba aliyekuwa akifikiri hayupo tena. Ndiyo maana kipokezi kinahitaji kuwashiwa mlinzi wa ndani wa Arduino, ile saa inayoizima na kuiwasha upya programu isipotoa taarifa kwa wakati.

Anwani ya redio nayo ibadilishwe. Mifano mingi ya programu huja na anwani ile ile ya baiti tano, na watu wawili walionakili mfano mmoja wakikutana, rimoti moja inaweza kuamrisha mbao mbili.

Kabla ya mtu yeyote kupanda, pindua ubao magurudumu yawe juu. Yazungushe, kisha zima rimoti. Yazungushe tena, chomoa betri ya rimoti. Andika kwenye programu ya kipokezi mzunguko usio na mwisho, makusudi, uone kama mlinzi anaiamsha. Washa ubao huku kitufe kimebanwa, uone kama unakataa kuondoka hadi kidole kirudi katikati. Majaribio hayo yarudiwe kila programu inapobadilishwa, hata kama kilichobadilishwa ni rangi ya taa tu.