Bunduki ya Zamani ya Vita: Itambue Kwanza, Ndipo Ubadilishe Kifyatuo

Bunduki ya vita ikisha kupunguzwa mbao zake na kufupishwa mtutu, hata askari aliyeishika miaka mingi aweza kuipita bila kuijua. Bunduki za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi. Vita vilipokwisha, viwanda na mafundi walizinunua kwa bei rahisi, wakaondoa mahali pa kufungia singe, wakakata mbao za mbele, wakaweka shabaha mpya, kisha wakaziuza kwa wawindaji na wenye mashamba. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini chuma hakiozi upesi, na bunduki hizo bado zinaonekana.

Shida inayowapata wenye nazo mara nyingi ni ya kifyatuo, yaani kile chuma kinachovutwa kwa kidole. Kimechakaa, au ni kizito mno, au kimekuwa chepesi hata bunduki yaweza kulia bila kukusudiwa. Basi mwenyewe huagiza kipya kwa jina tu, na kikifika hakiingii. Au kinaingia nusu, na hilo ni baya zaidi.

Kwanza neno juu ya sheria. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna ruhusa ya kuwa na bunduki bila cheti, na cheti ni cha mtu, si cha bunduki. Baba akifariki, mtoto hawezi kusema, "Nimeirithi pamoja na ng'ombe." Tena wako wakulima wa skimu wanaokaa katika nyumba za mashamba yaliyonunuliwa kutoka kwa Wazungu tangu mwaka 1962. Ukipata bunduki darini au ghalani katika nyumba kama hiyo, usiifungue wala usiisafishe. Iache pale pale, watoto wasikaribie, ukapige ripoti kituo cha polisi. Maneno yanayofuata ni ya mwenye cheti, na hata yeye kazi ya kufungua na kubadilisha vyuma ni ya fundi mwenye leseni. Kazi yako wewe ni kujua unacho nini, ili usidanganywe na usinunue bure.

Kabla ya kuitazama, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala mnyama. Ondoa risasi zote. Vuta nyuma bolti, yaani lile komeo la chuma linalofunga risasi ndani, kisha tazama mahali risasi inapokaa na uingize kidole kidogo upapase. Macho peke yake hayatoshi, maana ndani mna giza.

Sasa tazama mbao. Je, kitako kimetengwa na mbao za mbele, na katikati yake pana chuma kitupu? Ikiwa ndivyo, yaelekea hiyo ni Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza iliyojulikana sana Afrika Mashariki kwa jina la "303". Namba hiyo ni upana wa tundu la mtutu: sehemu 303 za inchi iliyogawanywa mara elfu. Sanduku lake la risasi ni la bati, limetokeza chini mbele ya kifyatuo, na laweza kutolewa. Sanduku la jeshi lilichukua risasi 10. Waliozigeuza waliweka mara nyingi dogo la risasi 5.

Lee-Enfield nazo si moja. Ile ya kale, iliyoanza mwaka 1907 na baadaye ikaitwa No. 1 Mark III, ina alama zake kwenye utepe wa chuma nyuma ya bolti, upande wa kulia: taji, jina la kiwanda kama Enfield, B.S.A. au Lithgow, na mwaka. Ile ya Vita Kuu ya Pili, No. 4, alama zake ziko ubavuni, upande wa kushoto wa mwili wa bunduki. Nyingine zilitoka Long Branch nchini Kanada, na nyingine kiwanda cha Savage cha Marekani, zikapigwa chapa "U.S. PROPERTY". Aliyeigeuza bunduki aweza kukata mbao na mtutu, lakini alama hizi mara nyingi aliziacha. Tazama pia namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti. Ikiwa si sawa na namba ya mwili, bolti hiyo ilitoka katika bunduki nyingine, na fundi hana budi kuipima kwa vipimo vyake kabla risasi haijapigwa.

Iko hatari moja ambayo nataka kila mwenye Lee-Enfield aikumbuke. Kiwanda cha Ishapore, India, katika miaka ya 1960 kilitengeneza bunduki ifananayo sana na ile ya kale, lakini ni ya risasi za milimita 7.62, nayo inaitwa 2A au 2A1. Risasi ya 303 ina ukingo uliotokeza kwenye tako lake kama kofia. Ile ya 7.62 haina. Usiamini maneno ya aliyekuuzia wala sura ya bunduki. Soma chapa. Ikiwa chapa imesuguliwa na kufutika, fundi humimina madini laini ndani ya mahali pa risasi, yakiganda ayatoe na kuyapima. Ni kazi ndogo, na gharama yake haifiki gharama ya jicho.

Sasa ikiwa mbao ni kipande kimoja kutoka kitako hadi mbele, huenda ni Mauser ya Kijerumani au mojawapo ya jamaa zake. Vuta bolti uone: upande wake pana chuma kirefu kama ukucha kinachokamata risasi, na mbele kabisa pana masikio mawili ya kufungia. Model 98 ina sikio la tatu nyuma. Model 93, 95 na 96 hazikuwekwa sikio hilo kwa namna ile, na kifyatuo cha 98 si lazima kiingie ndani yake.

Lakini mbao za kipande kimoja zaweza pia kuwa Pattern 14 au Model 1917. Hizi zilitengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na viwanda vya Winchester, Remington na Eddystone. Mkono wa bolti yake umepinda kama mguu wa nyuma wa mbwa. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu hizi nazo huitwa "Enfield". Kifyatuo kikiuzwa kwa jina la "Enfield" peke yake, mara nyingi ni cha Pattern 14 na 1917. Katika Lee-Enfield hakiwezi kufanya kazi hata kidogo. Ukiagiza, andika jina kamili, namba ya Mark, na jina la kiwanda.

Tuje kwenye kifyatuo chenyewe. Ndani ya bolti mna pini yenye springi kali. Kulabu huizuia isiruke, na kifyatuo huivuta kulabu chini. Cha jeshi huvutwa mara mbili: kwanza mvuto mrefu na mwepesi, kidole kikutane na kizuizi, kisha mvuto mfupi mzito, ndipo bunduki ilie. Wengi wakiona hivyo hudhani ni ubovu. Si ubovu; ilifanywa makusudi ili kulabu ishike sana mikononi mwa askari anayekimbia na kuanguka. Uzito wa mvuto wa mwisho huwa ratili 5 au 6 hivi, karibu kilo mbili na nusu.

Katika Lee-Enfield ya kale, kifyatuo kimefungwa kwenye chuma cha chini kinachokilinda, si kwenye mwili wa bunduki. Mbao zikikauka na kunywea, chuma hicho husogea na mvuto hubadilika. Ndiyo maana bunduki iliyokuwa nzuri wakati wa mvua huharibika wakati wa kiangazi. Katika No. 4 Mark 2, iliyotoka baada ya vita, kifyatuo kilihamishiwa kwenye mwili, na shida hiyo ikaisha. Kwa hiyo mwenye bunduki ya kale asikimbilie dukani. Fundi akirekebisha mbao, akakaza skurubu na kusafisha mafuta yaliyoganda, mara nyingi kifyatuo cha asili hupona.

Ole wake anayechukua tupa. Chuma cha kifyatuo na kulabu ni kigumu juu tu kama ganda la yai. Ukisugua ganda likatoka, kilichobaki huchakaa upesi, na siku moja bolti ikifungwa bunduki italia.

Wenye Mauser 98 wana nafasi kubwa ya kuchagua, maana vifyatuo vyake vya mvuto mmoja vinauzwa na viwanda vingi. Jambo la kuamua ni kufuli ya usalama. Ile ya jeshi iko nyuma ya bolti na husimama juu. Ukifunga darubini chini sana, inagonga. Basi mwenye darubini achague kifyatuo chenye kufuli yake ubavuni, akijua kwamba mbao zitachongwa kidogo. Asiye na darubini anunue kile rahisi kisicho na kufuli, abaki na ya zamani. Usiombe chepesi kupita kiasi. Ratili 3 zinatosha kwa bunduki ya shambani, na chini ya hapo ni kwa watu wa mashindano ya shabaha.

Fundi akimaliza, mwambie apime uzito wa mvuto kwa mizani ya springi mbele yako. Kisha bunduki ikiwa tupu, afunge bolti kwa nguvu mara kadhaa, na agonge kitako juu ya mpira au zulia. Pini ikianguka hata mara moja tu, usiichukue. Mwombe pia kifyatuo kilichotolewa, ukitie katika mfuko pamoja na karatasi yenye namba ya bunduki na tarehe, maana fundi mwingine baada ya miaka 20 atataka kujua kilichokuwamo.