Vidonge vya Vitamini: vya Bei Rahisi na vya Bei Ghali

Muhula uliopita mama yangu aliuza madebe mawili ya mahindi huko kwetu Hasamba, akaenda Tunduma kuninunulia chupa ya vidonge vya vitamini C. Alikuwa ameambiwa kwamba vile vya bei rahisi ni unga mtupu, na mtoto wa mtihani hafai kupewa unga. Nilishukuru sana, lakini usiku ule sikupata usingizi kwa kuyafikiria yale mahindi.

Basi nikamwomba mwalimu wetu wa Kemia ruhusa ya kuvipima. Vidonge vya mama vilikuwa vya miligramu 1,000, vya kutoa povu majini, vyenye harufu ya chungwa. Vya rahisi, vyeupe, vilivyofungwa katika kikaratasi, vilikuwa vya miligramu 100. Niliyeyusha kimoja cha ghali katika lita moja ya maji, na kimoja cha rahisi katika mililita 100, ili nguvu ya maji yote mawili iwe sawa. Kisha nikachukua kiasi kile kile cha kila maji, nikatia wanga kidogo, nikadondosha iodini. Vitamini C huiondoa rangi ya iodini. Vitamini ikiisha, wanga hugeuka buluu iliyokaribia weusi. Cha ghali kilitaka matone 22, cha rahisi 21. Tone lile moja nadhani ni kosa la mkono wangu.

Wala si ajabu, maana vitamini C ni asidi ya askobiki, nayo ni ile ile kiwandani popote. Kilichonishangaza ni vidonge vingine vya rahisi, vilivyokaa wazi dirishani miezi mingi hata vikawa manjano: matone 13 tu! Hewa, joto, mwanga na unyevu huviharibu. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kutazama tarehe ya mwisho, kifuniko, na mahali vilipowekwa, kabla ya kuuliza bei.

Utasema cha ghali kina vitamini mara kumi. Ni kweli, lakini mwili wa kijana hauhitaji hata miligramu 100 kwa siku, na ziada hutoka kwa mkojo. (Vitamini A ni habari nyingine, hiyo hukaa katika ini, na ikizidi hudhuru.) Tena pera moja bivu huweza kukishinda kile kidonge cheupe. Vidonge vyenye vitamini nyingi pamoja na madini sikuvipima, hivyo sivisemei.

Nimemwandikia mama barua. Sikumwambia kwamba alikosea. Nimemwambia chupa ile itanitosha mpaka mtihani, na mahindi yaliyobaki ayaache ghalani.